Kuandaa Siku ya Kujifunza Kuhusu Ubaguzi wa Rangi Chuoni: Mwongozo Kamili

Tangazo letu la kwanza tuliliandika kwa herufi kubwa nyekundu: SIKU YA KUJIFUNZA UBAGUZI WA RANGI. Mlinzi wa getini alilisoma, akalirudia, kisha akatuuliza kwa upole, "Wanangu, siku hizi mnafundishwa na kubagua?" Tukalibandua. Tangu hapo neno "kuhusu" halikosekani kwenye tangazo letu lolote, na mzee yule amehudhuria karibu kila mwaka.

Kosa la tangazo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa siku yenyewe. Tulipanga meza kuu yenye kitambaa cheupe, maji ya chupa na maua ya plastiki. Mgeni rasmi alitarajiwa saa tatu, akaingia saa tano. Zilisomwa risala tatu, na kila msemaji alitangaza kwamba itifaki imezingatiwa, halafu akaizingatia upya kwa dakika kumi. Wanafunzi walisaini karatasi ya mahudhurio, wakala pilau, wakaondoka. Usiku nilimuuliza niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja amejifunza nini. "Kwamba ubaguzi ni mbaya," akasema. Hilo alikuja nalo kutoka kwao.

Nimeshiriki kuandaa siku kama hii mara kadhaa baada ya hapo, kwanza nikiwa mwanafunzi, sasa nikiwa upande wa walimu. Mifano yangu ni ya Dar es Salaam kwa kuwa ndiko ninakokujua. Aliye Dodoma, Mbeya, Mombasa au Bujumbura abadilishe mifano, mpango abaki nao. Ninachokiamini ni kwamba mwanafunzi haanzi kufikiri kuhusu rangi mpaka ashike karatasi ya zamani inayohusu ardhi anayoikanyaga yeye. Mwambie "ubaguzi wa rangi" atakutajia makaburu, au George Floyd aliyeuawa na polisi Minneapolis mwaka 2020. Ni kweli, na ni mbali. Ukimwonyesha kwamba uwanja wa Mnazi Mmoja anaopita na daladala kila siku uliachwa wazi ili kumtenga Mwafrika wa Kariakoo na majirani zake wa Uhindini, ataacha kuchezea simu.

Hatua ya 1: Kikundi na tarehe (miezi mitatu kabla)

Watu saba wanatosha. Wakizidi kumi, nusu yao watakuwa wanasubiri kuambiwa la kufanya. Hakikisha kuna mtu wa historia, mtu wa sheria, na mmoja wa fani iliyo mbali kabisa, kwa mfano uhandisi, maana ndiye atakayewauliza maswali ambayo nyie mmezoea kuyaruka. Muwe na mfanyakazi wa maktaba. Huyo nitamrudia.

Tarehe inayojieleza yenyewe ni 21 Machi. Siku hiyo mwaka 1960, huko Sharpeville, Afrika Kusini, polisi waliwafyatulia risasi Waafrika waliokusanyika kupinga sheria za pasi, zilizomlazimisha Mwafrika kutembea na kitambulisho, wakaua watu 69. Mwaka 1966 Umoja wa Mataifa uliitangaza kuwa siku ya kimataifa ya kutokomeza ubaguzi wa rangi. Lakini itazame almanaka ya chuo kabla ya kuipenda tarehe. Wiki ya majaribio hakuna atakayekuja. Ipo miaka ambayo mwezi wa Machi hukutana na Ramadhani. Ikiwa hivyo, futa chakula cha mchana, anza alasiri na malizia kwa futari ya pamoja. Nakuhakikishia, mjadala bora niliowahi kuusikia ulitokea juu ya sinia la tambi na uji wa pilipili manga. Ijumaa acha nafasi ya sala, na Jumamosi kumbuka Wasabato.

Wakikataa Machi, ipo 2 Desemba, siku ya kukumbuka kukomeshwa kwa utumwa.

Hatua ya 2: Barua na ruhusa

Andika barua kwa mshauri wa wanafunzi, nakala kwa serikali ya wanafunzi na kwa mkuu wa idara itakayowalea. Taja tarehe, saa, idadi ya watu, majina ya wageni wa nje na mada. Usiifiche mada chini ya maneno laini kama "warsha ya utamaduni", kwa sababu siku ya tukio mtu atasoma tangazo na kuuliza ni lini aliruhusu hilo.

Kama mna ziara ya mtaani, igawanye katika vikundi vidogo visivyo na mabango. Wanafunzi mia wenye fulana za rangi moja na mabango Barabara ya Samora si ziara tena. Hayo ni maandamano, na maandamano yana taratibu zake polisi.

Ofisa akisita, mkumbushe kwamba jambo hili lina kwao hapa. Neno wanalotumia Wamarekani kwa siku ya mafunzo ya namna hii, "teach-in", lilizaliwa Chuo Kikuu cha Michigan, Machi 1965, walimu na wanafunzi walipokesha wakijadili vita vya Vietnam. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hawakuchelewa. Mwaka 1967 wanafunzi wa Dar es Salaam, wakiwa na wenzao wa Uganda, Kenya, Malawi, Sudan na kwingineko, waliunda USARF, chama cha wanafunzi wanamapinduzi, mwenyekiti wake akiwa Yoweri Museveni. Walikuwa na madarasa ya itikadi siku za Jumapili, bila maksi na bila posho, Walter Rodney kutoka Guyana akiwa miongoni mwa walimu wao. Malcolm X alikuwa amepita jijini Oktoba 1964. Juni 1974 Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika ulikaa Ukumbi wa Nkrumah, hapohapo Mlimani. Barua yenye aya kama hiyo hurudi na sahihi upesi kuliko barua yenye "tunaomba kwa heshima na taadhima" mara nne.

Hatua ya 3: Amua mtazungumza lugha gani

Kiswahili. Nalisema mapema kwa sababu kila mwaka mtu huleta hoja kwamba chuo hufundisha kwa Kiingereza. Ukiendesha siku hii kwa Kiingereza utawapata wanafunzi walewale wanaoongea kwenye semina, na utawafungia nje mlinzi, mama lishe, dereva wa basi la chuo na wale wanaofagia madarasa, ambao baadhi yao wana kumbukumbu kuliko sisi.

Kuna jambo la aibu kidogo ambalo nimelishuhudia zaidi ya mara moja. Anaingia mwanafunzi mmoja Mzungu aliyekuja kwa muhula mmoja, anakaa nyuma kimya, na ukumbi mzima wa watu mia unahamia Kiingereza bila kuambiwa na yeyote. Mwaka mmoja mwendeshaji wetu, dada mmoja wa sosholojia, alisimamisha mazungumzo akauliza, "Nani kawaomba mbadilishe lugha?" Hakuna aliyejibu. Dakika ishirini zilizofuata zilikuwa na mafunzo kuliko mada iliyokuwa kwenye ratiba. Mgeni mpe mtu wa kumtafsiria sikioni. Wengi wao hufurahi.

Hatua ya 4: Tafuta karatasi (miezi miwili kabla)

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo yule mtu wa maktaba anapohitajika. Kwa Dar es Salaam anza na kitengo cha East Africana katika maktaba ya Mlimani, kisha Nyaraka za Taifa, Upanga. Zanzibar nenda Nyaraka, Kilimani. Unatafuta vitu vifupi ambavyo kikundi cha watu kumi na wawili kinaweza kuvisoma kwa robo saa: ukurasa wa kumbukumbu za bunge, ramani, orodha ya mishahara, tangazo la gazeti, picha. Kurasa mbili zikizidi hazitasomwa. Nyaraka nyingi ni za Kiingereza, kwa hiyo tafsiri mzifanye nyie wenyewe, mapema, na chapisha yote mawili upande kwa upande.

Tumewahi kutumia mada nyingi. Nne zimethibitika.

*Viti thelathini.* Mwaka 1955, chini ya Gavana Twining, Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilipewa wajumbe 30 wasio wa serikali: Waafrika 10, Waasia 10, Wazungu 10. Ikaitwa usawa. Kwa sensa ya 1957 Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8.6, na Wazungu elfu ishirini na kitu. Usiwasomee tarakimu hizi. Weka viti 30 mbele ya ukumbi wenye watu 400. Waambie kwamba kwa hesabu ya sensa ile, kati yao Mzungu ni mmoja tu, na Waasia watatu au wanne. Sasa mwache yule Mzungu mmoja akalie viti kumi. Atavilalia, ataweka begi, watu watacheka, na kicheko kitaisha chenyewe.

Baada ya hapo endesha kura tatu. Katika uchaguzi wa Septemba 1958 na Februari 1959 kila mpiga kura alitakiwa kuchagua wagombea watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Na si kila mtu alipiga kura: ulihitaji kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa uliotambuliwa. Mlangoni muulize kila mwanafunzi: babu yako angeruhusiwa? Bibi yako je? Asiyejua apige simu nyumbani hapohapo. Simu hizo ni hazina. Kuna binti alirudi ukumbini akiwa ameambiwa na shangazi yake habari za babu ambazo hakuna aliyewahi kumsimulia.

Halafu gawanya ukumbi mara mbili. Upande mmoja uwe mkutano wa TANU, chama cha Mwalimu Nyerere cha kudai uhuru, uliofanyika Tabora, Januari 1958, ulioamua kushiriki kura tatu ijapokuwa inachukiza. Upande wa pili umsemee Zuberi Mtemvu, aliyejitoa akaunda chama chake akidai Afrika iwe ya Waafrika. Usiwaambie mapema kwamba mbinu ya Tabora ilishinda, na kwamba TANU iliwaunga mkono akina Amir Jamal, Sophia Mustafa, Derek Bryceson na Lady Chesham wakaingia barazani kwa viti vya Waasia na Wazungu. Utashangaa ni wangapi wanaomfuata Mtemvu mpaka dakika ya mwisho. Waache. Aliyemfuata Mtemvu kwa hoja amejifunza kuliko aliyemfuata Mwalimu kwa mazoea.

*Ramani ya jiji.* Pata ramani ya Dar es Salaam ya miaka ya hamsini na kalamu za rangi. Kanuni za ujenzi ziligawa mji kwa kanda kufuata aina ya majengo: kanda ya kwanza majengo ya Kizungu, ya pili makazi na maduka, ya tatu nyumba za kienyeji. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa kimataifa, na sheria ya kumtaja mtu kwa rangi yake ingeleta maswali, kwa hiyo ukuta na bati vikataja badala yake. Vikundi vipake rangi: Oyster Bay, Upanga, Uhindini, Kariakoo, Ilala, Magomeni. Waonyeshe Ocean Road, hospitali waliyojengewa Wazungu na Wajerumani, ambayo leo ni ya saratani, huku Waafrika na Wahindi wakitibiwa katika hospitali iliyotokana na mchango wa mfanyabiashara Sewa Haji. Swali la kuwaachia: kiwanja, mti, barabara pana na mfereji wa maji taka viko wapi leo, na viko wapi kwenye ramani yako?

Wanaotoka mikoani wasikae kando. Dodoma kuna Uzunguni, Mbeya kuna Uhindini. Kila mmoja achore mji wa kwao.

*Mafuvu.* Meza hii ni nzito, iendeshwe na mtu mtulivu. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, na wazawa wake wanaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Makumbusho na vyuo vya huko vilikusanya mafuvu ya watu kutoka makoloni ili kupima vichwa na kupanga "jamii" za binadamu juu na chini. Zaidi ya mafuvu 1,100 kutoka Afrika Mashariki ya Wajerumani yamechunguzwa Berlin, na mwaka 2023 ilitangazwa kwamba vinasaba vya baadhi yake vimelingana na vya watu walio hai Tanzania. Novemba mwaka huohuo Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba radhi Songea. Jambo ambalo wanafunzi wanapaswa kuondoka nalo ni kwamba waliofanya hivyo walikuwa maprofesa. Walikuwa na ofisi, wanafunzi na majarida, kama sisi. Mwanafunzi wa sayansi ya tiba akiuliza, "Kwa hiyo hata sisi tunaweza kukosea hivyo kwa uzuri wa takwimu?" basi meza imefanya kazi. Usionyeshe picha za mafuvu. Ni mababu za watu.

*Mjadala wa uraia.* Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, wapo wabunge waliotaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika tu. Nyerere alikataa kabisa kuupima uraia kwa rangi ya ngozi, akasema serikali yake ingejiuzulu kuliko kukubali. Chapisha kurasa za kumbukumbu za bunge, gawa sehemu, zisomwe kwa sauti kama mchezo wa redio. Linganisha na mjadala wa "uzawa", yaani kuwapa wazawa kipaumbele katika uchumi, wa miaka ya tisini, ambao wazazi wa wanafunzi wako wanaukumbuka vizuri. Meza hii hujiendesha.

Hatua ya 5: Meza ya maneno

Nimeitenga kwa sababu haihitaji nyaraka wala fedha, na ndiyo inayozungumziwa kantini wiki nzima. Kila mtu apewe vipande vitano vya karatasi aandike maneno ya Kiswahili tunayotumia kwa rangi, asili na sura za watu. Asiandike jina lake. Bandika ukutani. Yatatoka mzungu, ponjoro, gabacholi, mmanga, chotara, mshenzi, mswahili, mweupe kwa maana ya mzuri, "mweusi ila ana sura nzuri". Hilo la mwisho liliandikwa na watu kumi na mmoja mwaka mmoja, kila mtu kwa mwandiko wake. Neno "ila" lina kazi kubwa pale.

Kisha chagua mawili matatu myachimbe. Mimi huchagua "ustaarabu". Asili yake ni Kiarabu, kuwa kama Mwarabu, na lilishika nafasi ya "uungwana", neno la zamani la pwani kwa mtu wa mji na mwenye adabu zake. "Mshenzi" lilikuwa jina la mtu wa bara katika kinywa cha mtu wa pwani, na bara ndiko walikotolewa watumwa. "Uswahili" nao ulivyogeuka tusi mdomoni mwa Waswahili wenyewe, "acha uswahili wako", ni mada ya saa nzima.

Kutoka hapo mazungumzo yatafika kwenye mkorogo hata usipoyapeleka. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini na bado vinauzwa. Usimwache mtu awahubirie wasichana. Uliza badala yake nani huchaguliwa kupokea wageni wenye shada siku ya mahafali, na wanafanana nini. Ukumbi utajua jibu.

Swali la watu wenye ualbino nalo huibuka. Lipe dakika zake, sema wazi kwamba mateso yao yana chanzo kingine, na mpe nafasi mwenye hali hiyo kama anataka. Kama hataki, shauri yake.

Hatua ya 6: Wageni

Achana na mgeni rasmi. Chuo kikikulazimisha, mpe dakika saba mwanzoni na mwombe abaki akae kwenye meza moja kama mshiriki. Wengine hukataa, na hilo nalo ni jibu.

Tafuta wazee: mwalimu mstaafu aliyesoma zama za shule za kutengwa kwa rangi, bibi wa Kihindi aliyezaliwa na kukulia Upanga, karani wa zamani wa bandari. Waendee nyumbani wiki tatu kabla, watu wawili, si kwa simu. Shikamoo, kaa, kunywa chai, sikiliza kwanza. Waeleze watakaa na vijana kumi na wawili, si mia nne. Omba ruhusa ya kurekodi siku hiyo, na uiombe tena siku ya tukio, maana mtu hubadili mawazo. Nauli ya teksi kwenda na kurudi mpe mwenyewe mkononi.

Kuhusu Zanzibar nina onyo. Zama za siasa, 1957 hadi 1964, ziligawa watu kwa Uafrika, Ushirazi na Uarabu ndani ya familia moja, na Mapinduzi ya Januari 1964 yana walioyashangilia na waliozika. Mwaka mmoja tuliwaweka wanafunzi wawili wa Unguja mbele, kila mmoja "awakilishe upande". Mmoja alitoka nje hakurudi. Lilikuwa kosa letu, na nililijua kabla hajaufikia mlango. Usimfanye mtu msemaji wa watu wake. Kanuni hiyo ni ya mwanafunzi wa Kihindi, wa Kiarabu, wa Kitutsi au wa Kihutu, na ya yule Mzungu wa nyuma.

Hatua ya 7: Fedha

Ukumbi wa chuo, mara nyingi bure. Uchapishaji, chai, maji, nauli za wazee, kalamu na gundi. Fulana si lazima. Posho ya washiriki usianze, kwa sababu ukiianza mwaka mmoja utaidaiwa milele. Siku yetu ya mwisho ya watu 130 ilimalizika chini ya shilingi milioni moja, chai na chapati vikichukua zaidi ya nusu. Mama lishe wa chuo tulimlipa nusu wiki moja kabla. Mlipe mapema, hana mtaji wa kukukopesha.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Saa mbili na nusu asubuhi, chai na kujiandikisha. Saa tatu kamili anza, hata kama mko ishirini. Ukisubiri mara moja, mwaka ujao watu watakuja saa nne.

Saa tatu hadi tatu na dakika ishirini, ufunguzi: nani alikufa Sharpeville na kwa nini tuko hapa. Basi. Kutoka hapo hadi saa tano, viti thelathini na kura tatu, ukumbi mzima pamoja. Mapumziko. Saa tano na nusu watu wanagawanyika, kikundi cha kumi na wawili kila meza, nje kwenye vimbweta kama mvua imekubali. Meza moja huchukua dakika hamsini. Kila mtu apitie mbili, asilazimishwe zote. Mwendeshaji wa meza awe amefanya mazoezi mara mbili na wenzake, na awe na saa mkononi. Kazi yake ni kuuliza na kunyamaza. Wale wanaopenda kuongea wapewe kazi ya kuandika kwenye ubao, ni dawa nzuri.

Chakula saa saba na nusu, au sala kisha chakula. Saa tisa ziara ya mji kwa wanaotaka: Posta, Mtaa wa India, Mnazi Mmoja, Kariakoo, kwa miguu, vikundi vya watu kumi na watano, ramani ya kupaka rangi mkononi. Jina la Kariakoo lenyewe ni Carrier Corps, wapagazi wa Kiafrika walioingizwa kwenye vita ya kwanza ya dunia na jeshi la Waingereza. Simama sokoni usome hilo kwa sauti, na ulinde simu yako.

Likitokea tusi, mwendeshaji asijifanye hakusikia. Alirudie neno lilivyotamkwa, aulize aliyesema alimaanisha nini, kisha aliyeumizwa aulizwe kama anataka kusema kitu. Mara nyingi hutosha. Isipotosha, msimamizi mmoja awatoe wawili hao kwa chai. Tulihitaji hilo mara moja tu.

Hatua ya 9: Saa ya mwisho

Rudini ukumbini saa kumi na moja. Msiandike maazimio. Nimeona maazimio kumi na manne yakisomwa kwa sauti nzuri na kupigiwa makofi, na hakuna aliyejua nani atayafanya. Chagueni jambo moja lililo ndani ya uwezo wenu, lenye jina la mtu na tarehe. Katika yaliyofanikiwa kwetu: nakala za tafsiri zetu za nyaraka kuwekwa maktaba kwenye rafu ya wazi, wapokea wageni wa mahafali kupatikana kwa kura, na rekodi za wazee watatu kukabidhiwa idara ya historia pamoja na ruhusa zao zilizosainiwa. Lililoshindikana ni kibao cha maelezo kwenye jengo moja la zamani. Barua bado iko ofisini kwa mtu.

Wapo watakaotaka kubwa zaidi, na watakutajia Cape Town, ambako maandamano yaliyoanza Machi 2015 yaliiondoa sanamu ya Cecil Rhodes, mkoloni wa Kiingereza, chuoni kabla ya katikati ya Aprili. Wasikilize. Halafu waulize nani kati yao atakuja kesho asubuhi kupanga nyaraka.

Hatua ya 10: Baada ya hapo

Usiku huohuo safisheni ukumbi nyie wenyewe, ili anayefagia asubuhi, ambaye huenda alikuwa mshiriki wenu, akute umefagiwa. Ndani ya siku saba andikeni taarifa ya kurasa mbili yenye matumizi, idadi ya watu na kilichoharibika, na sehemu ya kilichoharibika iwe ndefu kuliko nyingine. Vipande vya meza ya maneno vihifadhini kwenye bahasha yenye mwaka. Vya miaka mitatu vikilazwa pamoja mezani tayari ni utafiti. Wazee wapigieni simu kuwashukuru, na mmoja aende kuwasalimia. Barua ya kuomba ukumbi wa mwaka ujao ipelekwe wiki hiyohiyo, kabla vikao vya mahafali havijauchukua, na funguo mrudishie mlinzi mkononi, usimwachie mtu.